Windows kaunta, Linux mezani kwangu

Wateja wa steshenari yangu hapa Morogoro wameshazoea kuona vitu viwili tofauti. Kaunta kuna kompyuta ya mezani yenye Windows 11, ndiyo anayoitumia msaidizi wangu kuchapa, kuskani na kuprinti. Nyuma ya kabati la karatasi kuna meza yangu mwenyewe, na juu yake kompyuta mpakato nyeusi, ThinkPad T460, yenye Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Anayechungulia huuliza: dada, hiyo ni Windows gani? Nikimwambia siyo Windows, linafuata swali la pili: sasa duka moja mifumo miwili ya nini?

Zamani swali hilo lilikuwa la udadisi tu. Siku hizi lina uzito. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na tangu hapo watu wananijia na kompyuta mpakato kwapani, wameambiwa mtaani kwamba mashine imeshapitwa na wakati, watafute nyingine. Wengi ni walimu na wanachuo. Mashine zenyewe ni nzima: kioo kizima, kibodi nzima, diski nzima. Linaniuma sana jambo hili, ndiyo maana leo naandika kwa kirefu natumia nini, wapi, na kwa sababu gani, ili mwenye mashine aamue huku anajua.

Nianze na kaunta.

Pale nimeweka Windows, na leseni yake nimeilipia, kwa sababu pale mwenye kazi ni mteja. Kazi ya mteja inakuwa imeshatengenezwa kwenye Word, Excel au Publisher kabla haijanifikia mimi. Mwanachuo wa SUA analeta ripoti ya mafunzo kwa vitendo, yaliyomo yamepangwa na Word yenyewe, grafu zimetoka Excel, na anataka itoke kwenye karatasi vilevile alivyoiona kwenye mashine yake. Akikuta namba za kurasa zimehama, hata kwa ukurasa mmoja, hataki kusikia habari za mifumo. Na ana haki. Kuna pia suala la mashine kubwa ya kopi. Kwa Windows ina programu yake kamili: naona wino umebaki kiasi gani, nachagua trei, napanga kurasa zitoke kama kijitabu. Kwa Linux inaprinti vizuri, lakini baadhi ya vitu hivyo sivioni.

Halafu kuna mitihani, ambayo ndiyo chakula cha steshenari yoyote iliyo karibu na shule. Mwalimu analeta maswali yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi za daftari, sehemu ya kwanza ni ya kuchagua jibu sahihi. Unaandika (a), unaandika (b), ukiandika (c) Word inaigeuza hapohapo kuwa ©, alama ya hakimiliki. Ukiwa na foleni mbele yako huioni. Mtihani unatolewa kopi za mikondo yote, na watoto wa darasa la tano wanabaki kuulizana hiyo herufi iliyofungiwa kwenye duara ni ya nini. Dawa ya papo hapo ni kubonyeza Ctrl na Z mara inapogeuka. Dawa ya kudumu ni kuingia File, Options, Proofing, kisha AutoCorrect, ukaufuta mstari huo kwenye orodha. Kompyuta ya kaunta tumeshaufuta. Pia lugha ya hati tunaiweka Kiswahili kabla ya kuanza kuchapa, maana bila hivyo karibu kila neno linapigiwa mstari mwekundu, na macho yakishazoea wekundu ukurasa mzima, kosa la kweli linapita hivihivi.

Kwa hiyo anayetaka kufungua steshenari leo namwambia bila kusita: kaunta weka Windows. Nunua leseni halali, weka Office halali. Hizo za kukraki huwa zinakuja na wageni ndani yake, na wewe unashika vyeti vya watu, namba za NIDA za watu, maombi yao ya mkopo. Usicheze na vitu vya watu.

Sasa meza yangu.

Linux iliingia kwangu kupitia flashi. Aliyewahi kufanya kazi ya kuchapa kwa siku chache tu anakijua kirusi cha shotikati. Mwanachuo anafika jioni, pumzi juu.

"Dada, naomba unisaidie. Folda zangu zote zimegeuka shotikati na kesho asubuhi nakabidhi kwa supavaiza."

"Umeichomeka wapi kabla ya hapa?"

"Maabara, halafu kwa rafiki yangu."

"Lete huku ndani."

Kwenye Windows kinachoonekana ni alama za folda zenye kimshale kidogo pembeni. Ukibofya moja unakiamsha kirusi, kinaingia kwenye kompyuta ya duka, na kikishakaa hapo kinangoja flashi ya mteja anayefuata. Mimi flashi hiyo naichomeka kwenye ThinkPad. Kwenye Linux vile vyenye kimshale vinaonekana jinsi vilivyo: faili ndogondogo zinazoishia na .lnk, zimelala tu, hakuna wa kuziendesha. Pembeni kuna faili ya .vbs yenye jina lisiloeleweka, huyo ndiye mwenyewe. Na mahali fulani kwenye orodha kuna folda isiyo na jina. Ukiiangalia haraka unaweza kudhani ni nafasi tupu. Naibofya, na ndani mna kila kitu: PROPOSAL, CHAPTER ONE, PICHA ZA FIELD, na ripoti yenyewe. Kirusi hakikufuta kitu. Kilizisukumia faili zote humo, kikaipa folda alama ya kufichwa, alama ambayo Windows inaifuata na Linux haishughuliki nayo. Nanakili vitu vyake pembeni, naiformati flashi, namrudishia. Mara nyingi mtu analia machozi ya kweli pale.

Kwa Windows pia inawezekana, kwa amri ya attrib -h -r -s /s /d, na mafundi wengi wanaijua kwa moyo. Ila kwa amri hiyo bado unakuwa umeshaichomeka flashi kwenye mashine ambayo kirusi kinaielewa. Ndiyo maana utaratibu wa duka langu ni mmoja: flashi yoyote inapita meza ya ndani kwanza, inakaguliwa, ndipo inakwenda kaunta.

Linux yenyewe si ngeni. Linus Torvalds aliitangaza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaleta Ubuntu, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, waliokuwa wakiiomba walitumiwa CD bure kwa posta, hata huku kwetu. Mint, hii ninayotumia, ilianza 2006 na imejengwa juu ya Ubuntu. Na mwenye simu ya Android anatembea na Linux mfukoni, kwa sababu kiini cha Android ni hichohicho. Nayasema haya kwa sababu bado nakutana na watu wanaodhani ni kitu cha wadukuzi.

Baada ya muda nikawa nakaa upande ule hata bila flashi ya mtu. Kilichonivuta zaidi ni bando. Windows imetengenezwa ijipakulie masasisho yenyewe. Unaweza kuiambia kwamba mtandao unaotumia ni wa kupimwa, kwa kuwasha kile kipengele cha "metered connection" (mwenye kutumia hotspoti ya simu akiwashe leo), na unaweza kuahirisha kwa wiki chache, lakini neno la mwisho linabaki kuwa lake. Kwenye Mint kuna kingao kidogo chini kulia. Kikibadilika najua kuna kitu kipya. Nabofya, naona orodha, na chini yake jumla ya megabaiti zitakazoliwa. Kama ni nyingi nafunga, nasubiri bando la usiku. Inangoja. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa gigabaiti hilo ni jambo kubwa, na waandishi wengi wa teknolojia hawaliweki kabisa kwenye mizani wanapolinganisha mifumo.

La pili ni umeme. T460 ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje inayochomoka kwa vidole bila bisibisi. Umeme ukikatika katikati ya kazi naendelea. Betri ya nje ikiisha naichomoa na kupachika nyingine iliyojaa, mashine haizimi, kwa sababu ile ya ndani inashikilia. RAM yake ina nafasi mbili, niliongeza mwenyewe. Diski ya kuzunguka nikatoa, nikaweka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Hizo ni sifa za mashine, siyo za Linux, nakubali. Lakini mashine hii hii ndiyo ambayo Windows 11 haiitaki, na hapo ndipo mambo mawili yanapokutana.

Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja na masharti: RAM angalau GB 4, diski angalau GB 64, Secure Boot (ulinzi wa mashine wakati inawaka), kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel orodha hiyo, ukiacha chache za kizazi cha 7, inaanzia kizazi cha 8. Kukijua kizazi cha mashine yako ni rahisi. Fungua sehemu ya System, usome jina la prosesa. Ikiwa ni i5-6300U, ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha 6. Ikiwa i5-8250U, ni cha 8. Sasa angalia mashine za mtumba zilizojaa Kariakoo na zinazotufikia sisi huku mikoani. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, imeachwa nje. 840 G5 yenye kizazi cha 8 inaingia. ThinkPad T460 nje, T480 yenye kizazi cha 8 ndani. Zote zinapangwa meza moja, zimefutwa vumbi, na kwa mnunuzi asiyejua zinafanana.

Sababu ya masharti hayo ni usalama, na siibezi. TPM hutunza funguo za kufungia diski, mtu akikuibia mashine asisome vilivyomo. Kama unanunua leo na unataka Windows, nenda kizazi cha 8 na kuendelea, usishawishiwe na bei ya G3. Hilo halina mjadala. Ninachokataa ni kumwambia mtu ambaye tayari ana G3 nzima kwamba imekufa.

Mwalimu mmoja wa sekondari alinijia na mashine ya aina hiyo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hii wameniambia imekufa."

"Inawaka?"

"Inawaka vizuri tu, ndiyo maana nashangaa."

Nilimweleza njia zilizopo. Microsoft imetoa mwaka mmoja wa ziada wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida wa Windows 10, hadi Oktoba 2026. Unajiunga kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao, au unalipa dola 30. Njia nyingine ni kuilazimisha Windows 11 kwa kuondoa ukaguzi wakati wa kuandaa flashi ya kusakinishia, na mafundi wengi wanaipiga hivyo. Inawaka na inafanya kazi, lakini Microsoft yenyewe inasema mashine isiyotimiza masharti haihakikishiwi masasisho. Sipendi kumkabidhi mtu mzima kitu ambacho kinaweza kumgomea akiwa katikati ya kazi za muhula na mimi sipo. Njia ya tatu ni ile iliyo mezani kwangu.

Uzuri wa njia hii ni kwamba unaionja kabla ya kuimeza. Nilichomeka flashi yenye Mint, nikawasha mashine huku nabonyeza F9 (hiyo ni kwa HP, kwa Dell na Lenovo ni F12), nikachagua iwake kutoka kwenye flashi. Diski yake haikuguswa. Ikafunguka, na mwalimu akakaa kwenye kiti changu. Akapeleka kipanya chini kushoto, mahali alipozoea, akabofya, menyu ikapanda.

"Mbona ni ileile?"

"Siyo ileile, ila haiko mbali. Tufungue kazi zako."

Tukafungua faili lake la matokeo. Excel haipo, linafunguka kwenye Calc ya LibreOffice, programu za ofisi zinazotumika badala ya zile za Microsoft. Jumla zilikuwepo, COUNTIF ya kuhesabu madaraja ilifanya kazi, VLOOKUP ilifanya kazi, RANK ya kupanga nafasi ilifanya kazi. Kitufe kimoja kilikataa: kile cha kutoa ripoti za wazazi, ambacho alitengenezewa na kijana fulani kwa makro za Excel, yaani maagizo yanayojiendesha yenyewe ndani ya faili. Makro hizo LibreOffice inazielewa nusunusu. Nilimwonyesha hilo waziwazi kabla ya kusakinisha chochote, kwa sababu mtu akiligundua nyumbani usiku wa kukabidhi matokeo atauchukia mfumo mzima, na hatakuwa amekosea. Ripoti zile tukazitengeneza upya kwa Writer, fomu moja inayovuta majina na alama kutoka kwenye jedwali. Ilichukua muda, lakini sasa anaielewa mwenyewe. Mfumo wa watumishi, ESS, anaufungua kwa Firefox kama alivyokuwa akiufungua kwa Chrome. Na hapo kuna jambo ambalo limebadilisha kabisa hesabu za mifumo hapa kwetu: Ajira Portal, maombi ya mkopo ya HESLB, usajili wa BRELA, huduma za TRA, vyote vinafunguka kwenye kivinjari. Kivinjari kipo kila mahali.

Upande wa maandishi niseme wazi pia. Hati ya Word ikifunguliwa kwenye LibreOffice, kinachoihamisha mara nyingi ni fonti. Vyuo vinapenda Times New Roman saizi 12, na fonti hiyo ni mali, haiji na Linux. Badala yake inawekwa Liberation Serif, iliyotengenezwa makusudi herufi zake ziwe na upana uleule, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Kwa Calibri ipo Carlito, kwa Cambria ipo Caladea. Ukitaka Times New Roman yenyewe unaweza kuisakinisha kwa hatua chache. Kwa barua, CV, na hata tasnifu yenye maandishi na majedwali ya kawaida, sioni tofauti. Penye michoro ya SmartArt, au masanduku ya maandishi yaliyopandiana, hapo vitu vinahama, na mimi kazi hiyo naipeleka kaunta. Anayechapa nyumbani kwa LibreOffice na kuja kuprinti kwangu namwomba kitu kimoja: alete PDF pamoja na ile hati. PDF haihami.

Na kuna jambo la Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, juu ya msingi ambao baadaye ndio uliozaa LibreOffice. Microsoft nao waliifikia lugha yetu katika miaka hiyohiyo. Nikifikiria kwamba kazi ile ilifanyika Dar es Salaam, na kwamba waliruhusiwa kuingia ndani ya programu na kuibadilisha bila kumwomba mtu ruhusa, najisikia fahari. LibreOffice ya leo ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, na mimi naitumia kila siku ninapohariri. Haijui viambishi vyote, "wakishamalizana" inaweza kukushangaa, lakini "wanafuzni" inaikamata.

Kuhusu Mac, sina ninayomiliki, ila naijua kwa karibu kwa sababu ya jirani yangu, kaka mmoja anayehariri video za harusi. Ana MacBook Air ya M1, ile iliyotoka Novemba 2020. Haina feni kabisa. Umeme unakatika, jenereta za mtaa zinanguruma, yeye anaendelea kukata video ya sendoff kwa betri tupu na mashine haipigi kelele wala kuchemka ovyo. Kwa kazi yake sijaona kinachoikaribia kwa pesa ile, na akija kijana kuniuliza kuhusu video, namwelekeza mlango wa pili.

Kwa kazi yangu mimi, hapana. RAM na diski ya mashine ile zimechomelewa kwenye ubao. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho hichohicho mpaka mwisho. Mimi nimezoea kufungua skrubu, kuongeza, kubadilisha, kupata betri kwa fundi wa mjini, na uwezo huo naupenda kuliko wembamba wa mashine. Kuna na usumbufu wa flashi. Mac inasoma flashi iliyoformatiwa kwa NTFS lakini yenyewe bila nyongeza haiandiki juu yake. Dawa ni kuformati kwa exFAT, ambayo Windows, Mac na Linux za sasa zote zinaiandikia. Mteja wa Mac akileta flashi kaunta, msaidizi anakuta kila faili lina pacha wake: "ripoti.docx" na "._ripoti.docx". Lile linaloanza na nukta na kistari ni maelezo ya ziada ya Mac, halifunguki kwenye Word, na si kirusi. Fungua lile lisilo na nukta mbele. Na anayeandikia kwenye Pages, programu ya maandishi ya Mac, tafadhali, kabla hujatoka nyumbani litoe kama PDF au Word.

Jambo moja Mac na Linux wanashirikiana, nalo linanifaa sana: zote mbili zinaprinti kwa kutumia CUPS, programu ya ndani inayopeleka kazi kwenye printa. Ndiyo maana nikiwa dukani nachagua printa, naangalia kama boksi limeandikwa AirPrint, njia ya Apple ya kuprinti bila draiva. Printa yenye AirPrint kwa kawaida Linux inaiona yenyewe kwenye mtandao, bila CD wala kutafuta draiva.

Chromebook, kompyuta mpakato zenye mfumo wa Google, nitapita haraka. Zinakuja za mtumba bei ya chini, wanafunzi wanazipenda. Nyingi zina RAM ya GB 4 na hifadhi ndogo ya GB 32, na kila moja ina tarehe ya mwisho ya masasisho iliyopangwa na Google. Uliza tarehe hiyo kabla hujatoa pesa. Zilizotoka 2021 na kuendelea zimeahidiwa miaka 10, za zamani nyingi muda wake wa mwanzo ni mfupi zaidi. Kama unaishi na intaneti muda wote, inafaa. Kwa anayenunua bando la siku, mimi simshauri.

Mtu akinibana nichague mmoja tu wa kuishi nao, nachagua Linux Mint, na hata mashine mpya nikinunua nitaiweka humo. Toleo la 22 ninalotumia litahudumiwa hadi 2029, na mashine ya 2016 inaliendesha bila kuganda. Lakini kaunta itabaki Windows kadiri wateja wangu watakavyobaki na Word.

Kazi iliyo mbele yangu sasa hivi ni kadi. Steshenari nyingi, na mimi nimo, kadi za mchango, za kipaimara na za harusi tunazitengeneza kwenye Publisher, na Microsoft imetangaza kwamba Oktoba 2026 Publisher inaondolewa kwenye Microsoft 365; wanaotumia kwa kulipia usajili hawataweza tena kuyafungua mafaili yake humo. Mwenye steshenari anayesoma hapa aanze leo kuzitoa kadi zake zote kwa PDF, angalau picha yake ibaki. Draw ya LibreOffice inafungua mafaili ya .pub, na kwa kadi nyepesi inatosha. Mimi nazipitisha hapo, nazinyoosha, kisha nazihamishia Inkscape, programu ya kuchorea, ambayo inafanya kazi sawa kwenye Windows ya kaunta na Linux ya ndani. Za mchango na za kipaimara zimeshakwisha. Za harusi bado: zile zenye maua ya pembeni na majina ya bwana na bibi harusi kwa herufi za kukunjakunja, Draw inayatawanya maua na kuishusha herufi chini ya mstari. Naona hizo nitazichora upya moja moja, nianze na ile ya zambarau inayopendwa, iwe tayari kabla ya harusi za Desemba.